Maswali ya Wasomaji: Baada ya Kuchaguliwa, Kabla ya Kucheza

Barua za hoki ya barafu zimekuwa nyingi, na kinachotushangaza ni kwamba zinatoka Lamu na Malindi, kusiko na barafu isipokuwa ya kupozea samaki. Tumechagua zinazouliza mambo yatakayowafaa na wengine. Majina ya waandishi tumeyaacha, kama walivyoomba.

Assalaam aleikum. Sisi wa baraza moja hapa Langoni twabishana. Nazem Kadri, yule Muislamu aliyepeleka Kombe la Stanley msikitini kwao mwaka 2022, alichaguliwa na timu ya Toronto Maple Leafs mwaka 2009 akiwa wa saba. Mbona kufikia 2012 alikuwa bado hajashika namba? Mwenzetu ashikilia kuwa alionewa kwa dini yake. — Langoni, Lamu

Wa aleikum salaam. Msikiti wenyewe uko London ya Ontario, Kanada, mji alikozaliwa Kadri tarehe 6 Oktoba 1990. Twalitaja mapema kwa sababu barua nyingine imeupeleka Uingereza. Ama kuhusu miaka ile mitatu, kanuni za ajira za ligi zatosha kuieleza karibu yote.

Anzeni na maana ya kuchaguliwa. Kila mwaka timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Kanada na Marekani inayogombea Kombe la Stanley, ambazo sasa ni 32, hugawana vijana kwa raundi saba, wengi wao wakiwa na miaka 18. Huo ndio mgao. Kijana anayetajwa siku ile hajapata kazi. Timu iliyomtaja imejipatia haki ya kuwa peke yake inayoweza kumpa mkataba wa NHL kwa muda fulani, basi. Wapo wengi wa raundi za mwisho ambao muda huo hupita bila kuletewa karatasi ya kusaini. Kadri, kwa kuwa alikuwa wa saba, alisaini mapema, akaingia kambi ya Septemba 2009. Kambi ya namna hiyo huwa na watu hamsini au sitini wanaogombea nafasi 23, na nafasi nyingi kati ya hizo zina wenyewe tayari.

Hapo kanuni ya kwanza ikambana. Kadri alitoka OHL, ligi ya vijana ya Ontario, mojawapo ya ligi tatu za muungano wa CHL. Kwa makubaliano ya wakati ule, kijana wa CHL aliye chini ya miaka 20 akikosa nafasi NHL, hurudishwa timu yake ya vijana. Hakuna kumpeleka AHL, ligi ya watu wazima iliyo ngazi moja chini, hata kama ndiyo inayomfaa kwa kiwango chake. Basi akarudi London Knights kwa msimu wa 2009–10. Toronto walimwita mara moja tu, mechi ya tarehe 8 Februari 2010, walipopungukiwa na watu.

Mechi ile moja nayo ina hesabu yake. Mwenye miaka 18 au 19 aliyesaini, akicheza mechi chini ya kumi za NHL katika msimu huo, mwaka wa kwanza wa mkataba wake hauhesabiwi, husogezwa mbele. Mtaona mara nyingi kijana akijaribiwa mechi tisa kisha akarudishwa, watu wakadhani amevurunda. Timu imelinda mwaka wake wa mkataba wa bei nafuu, ili ule wa tatu umkute kijana amekomaa.

Msimu wa 2010–11 alikuwa ametimiza miaka 20, sasa ruhusa kwenda AHL. Akawekwa Toronto Marlies, timu ya chini ya Maple Leafs iliyo katika mji uleule, akapanda na kushuka: mechi 29 za NHL msimu huo, 21 msimu uliofuata. Hapa pana kanuni ya pili, nayo ndiyo inayowaumiza vijana kuliko zote. Mchezaji mkongwe hashushwi AHL hivi hivi. Kwanza jina lake huwekwa wazi kwa saa 24, na timu nyingine yoyote yaweza kumchukua pamoja na mkataba wake. Kijana amesamehewa hilo: aliyesaini na miaka 18, kwa miaka mitano au mechi 160, lolote litakalotangulia, aliyesaini na miaka 20, kwa miaka mitatu au mechi 160. (Anayecheza NHL mapema sana hupunguziwa miaka ya msamaha.) Mchukueni kocha mwenye watu wawili wanaolingana. Mmoja akishushwa huenda akapotea kabisa, mwingine anashuka kwa simu moja na kurudi kesho kwa nyingine. Atashuka nani? Haki haimo humo, na kocha hajifichi.

La tatu ni mchezo wenyewe. Kadri ni senta, mshambuliaji wa kati. Senta huinama kugombea kisahani, kile cha raba kinachopigwa badala ya mpira, kila mchezo unapoanza upya, na kisahani kikinyakuliwa na wapinzani yeye ndiye mshambuliaji wa kwanza kurudi kusaidia mabeki mbele ya goli lake. Kwa vijana wenzake alikuwa akiwashinda kwa mikono tu. Kwa wanaume wenye miaka 28 na kilo 95 mikono haitoshi. Mwili wake pia ulikuwa mjadala: Septemba 2012 kocha wa Marlies alilalamika hadharani kuwa amekuja na mafuta mengi. Msimu huo wa NHL ulichelewa hadi Januari 2013 kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, ukakatwa hadi mechi 48. Kadri alicheza zote 48, akafunga 18 na kutoa pasi 26 za mabao. Tangu hapo hakuuliza tena namba.

Walio juu yake katika mgao uleule, John Tavares wa kwanza, Victor Hedman wa pili na Matt Duchene wa tatu, waliingia NHL moja kwa moja. Watatu wa juu ndivyo huwa mara nyingi. Kuanzia hapo kwenda chini, kungoja miaka miwili au mitatu ni kawaida wala si aibu. Ubaguzi upo, na mwaka 2022 Kadri alipokea vitisho na matusi wakati wa mechi za mtoano dhidi ya timu ya St. Louis, mambo yaliyofika polisi. Lakini kwa huku kupanda na kushuka kwa 2009 hadi 2012, mwenzenu wa barazani hana ushahidi.

Nimesoma kwamba kijana anaanza na dola 925,000 kwa mwaka. Kweli mtu wa miaka 20 anapewa fedha hizo zote mkononi? — Shela, Lamu

Hapana, bwana. Hiyo ilikuwa dari ya mshahara wa mkataba wa kuanzia kwa waliochaguliwa hadi 2021, na tangu hapo dari imepanda kidogo. Walio wengi husaini chini yake. Aliyesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 hufungwa miaka mitatu, wa 22 na 23 miwili, wa 24 mmoja.

La kuangalia zaidi ni kwamba karatasi ile ina mishahara miwili, wa juu akiwa NHL na wa chini akiwa AHL, na hulipwa kwa siku za msimu alizokaa kila upande. Tuchukue mfano wa kubuni. Juu ameandikiwa dola 855,000, chini 76,000, na msimu tuuhesabu siku 190. Siku moja ya juu ni dola 4,500. Siku moja ya chini ni 400. Akikaa juu siku 20 na chini siku 170, amepata 90,000 na 68,000, jumla dola 158,000. Kwa shilingi 130 kwa dola ni kama milioni 20 na nusu. Fedha nzuri, hatukatai, ila ni chini ya moja ya tano ya ile namba iliyoandikwa gazetini.

Angalieni tena: siku ya juu ni kuwa katika orodha, hata kama hakuingia barafuni. Kijana anayekaa jukwaani kwa suti wiki nzima akila bisi anachuma 4,500 kwa siku. Akishuka AHL na kucheza mechi tatu za jasho, ni 400. Wazazi huomba mtoto abaki juu. Kocha anayejua kazi humshusha, kwa sababu mwenye miaka 20 asiyecheza huharibika haraka.

Makato sasa. Kodi ndiyo kubwa, na katika majimbo kadhaa ya Kanada yakaribia nusu kwa mishahara mikubwa. Wakala huchukua asilimia 3 hadi 5. Sehemu ya mshahara wa NHL huzuiwa hadi mahesabu ya mapato ya ligi yafungwe. Halafu mshahara huja mara mbili kwa mwezi, kuanzia Oktoba hadi Aprili tu. Mei hadi Septemba hakuna kitu, na ndiyo miezi ya kulipa mwalimu wa mazoezi na kukodi uwanja wa barafu. Wanaofilisika mapema wengi hawakuhesabu ile miezi mitano. Bonasi ya kusaini, isiyozidi asilimia 10 ya malipo ya mwaka, hulipwa popote alipo, juu au chini; ni ya kuwekwa, si ya kununulia gari.

Mwanangu ana miaka 15, anacheza magongo shuleni na walimu wanamsifu. Amekuja bwana mmoja na barua ya timu ya Kanada inayomwita kwenye majaribio ya hoki ya barafu. Anataka shilingi 60,000 za "usajili" wiki hii, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Nimtolee? — Mama, Maweni, Malindi

Usitoe, mama. Hata shilingi elfu moja.

Sababu ni hizi. Timu za ligi kubwa za vijana Kanada huchukua wachezaji wa nje ya Amerika Kaskazini kupitia mgao maalumu wa kila mwaka. Nafasi kwa kila timu ni chache mno, na hutolewa kwa vijana ambao wasaka vipaji wamewaona wakicheza Ulaya, katika ligi za huko au mashindano ya dunia ya vijana. Hakuna anayeitwa kwa barua bila kuonekana akiteleza. Na timu inayomtaka kijana ndiyo inayogharamia: humweka kwa familia ya mji ule inayomlisha na kumlaza, humpa vifaa, na kwa kila msimu aliocheza humwekea ada ya mwaka mmoja wa masomo ya juu. Mzazi hanunui nafasi. Wakala wa wachezaji wa NHL husajiliwa na chama cha wachezaji, NHLPA, orodha iko wazi, na hula asilimia baada ya mkataba, si kabla. Zipo pia shule binafsi za hoki zinazotoza ada kubwa, na ni halali. Lakini huko unanunua shule, na hakuna anayeahidi timu.

Mwambie bwana huyo mambo matatu: jina kamili la timu na ligi, jina la afisa aliyetia sahihi, na ruhusa ya wewe kuwapigia timu kwa namba utakayoitafuta mwenyewe. Usitumie namba iliyo kwenye barua. Akianza kuhimiza kuhusu wiki hii, umeshajibiwa. Umempa nakala ya pasipoti? Basi ripoti polisi, kwa sababu nakala hiyo yaweza kutumika kwa mwingine.

Sasa la mtoto mwenyewe, tena bila kukupaka mafuta. Wanaofika NHL huvaa viatu vya barafu wakiwa na miaka mitatu au minne. Wakiwa na 15 huchaguliwa na timu za vijana, 16 wanahama kwao, 18 wanaingia kwenye mgao. Kalenda yenyewe haina huruma. Anayetimiza 18 baada ya tarehe 15 Septemba hungoja mwaka mzima. Auston Matthews, aliyekulia Arizona jangwani, alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997 na kukosa mgao wa 2015 kwa siku mbili. Akaenda kucheza mwaka mmoja Zürich, Uswisi, kisha 2016 akatajwa wa kwanza. Alikulia jangwani, ndiyo, lakini Arizona ilikuwa na timu ya NHL na viwanja vya ndani vya barafu, na Matthews alikuwa barafuni tangu utotoni. Kijana wa 15 asiyewahi kuteleza amechelewa kwa NHL. Hajachelewa kucheza hoki ya barafu.

Mlango wake ni Nairobi. Uwanja wa barafu uko hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005. Ni mdogo kuliko ule rasmi wa mita 61 kwa 26, lakini ni barafu. Ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Toronto wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia, IIHF, kama mwanachama mshiriki. Panda matatu hadi Mombasa, kisha treni ya SGR. Kituo chake cha Nairobi kiko Syokimau, karibu na barabara ileile ya Panari. Piga simu hotelini kwanza uulize kama barafu imewashwa na saa za mazoezi, maana safari ni ndefu kwa kufuata mlango uliofungwa. Nauli ya kwenda na kurudi ya mama na mwana haifiki popote karibu na hizo 60,000.

Nimepata viatu vya magurudumu vya mstari mmoja vilivyoachwa kwenye nyumba ya Waitaliano. Vinakwaruza na havizunguki. Nataka nijifunzie hoki. Nifanyeje? — Kijana, Shella, Malindi

Kwanza bonyeza ukucha kwenye magurudumu. Yakimeguka kama jibini kavu, yatupe. Plastiki ile huoza kwa joto na unyevu hata bila kutumika, na gurudumu litapasuka ukiwa mbioni. Kunja pia kiatu kwenye kifundo. Kikitoa mlio wa kupasuka, usihangaike na mengine.

Vikipita, tatizo ni beringi. Kila gurudumu lina mbili, kwa hiyo jozi yenye magurudumu manane ina 16. Karibu zote ni saizi 608: tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Ukienda kwa fundi wa pikipiki au duka la beringi mwambie "608", atakuelewa.

Fungua ekseli, kwa kawaida kwa elenki ya milimita 4 au 5. Sukuma beringi zitoke, na usipoteze kile kibomba kidogo kilichomo katikati ya beringi mbili. Kikikosekana, ukikaza ekseli unazibana beringi pamoja na gurudumu halizunguki tena. Nusu ya viatu tunavyoletewa vikidaiwa "vimekufa" vina ugonjwa huo tu. Beringi zenye kifuniko cha raba, kifungue kwa pini upande mmoja. Ziloweke kwenye mafuta ya taa kwa dakika 15, zitikise ndani ya chupa, mimina, rudia hadi mafuta yatoke safi. Zikaushe kabisa juu ya kitambaa. Tia matone mawili ya mafuta ya cherehani, izungushe, funga. Beringi iliyobaki inakwaruza baada ya hapo ina kutu kwenye njia ya gololi na haitapona. Msitumie mafuta ya nazi, tafadhali. Yanaganda asubuhi ya baridi, yanashika vumbi na kugeuka gundi.

Pwani adui ni wawili, chumvi na mchanga. Usiteleze karibu na ufuo upepo wa kusi unapopeperusha mchanga barabarani. Kila baada ya mazoezi futa kwa kitambaa kikavu, wala usioshe kwa maji. Kwa lami na saruji tafuta magurudumu ya ugumu wa 82A hadi 85A. Yale laini ya 74A ni ya sakafu za ndani na lami itayala kwa wiki chache. Yakianza kulika upande wa ndani, badilisha la kwanza na la tatu, la pili na la nne, kisha hamisha yote kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Na kofia ngumu. Mwenye kuteleza bila kofia kwenye lami ya Malindi kwenye tuktuk zile, hatuna jibu lake.

Mimi ni seremala, Mkomani. Vijana wameniletea picha ya gongo la hoki ya barafu wanataka niwachongee. Vipimo? — Fundi, Lamu

Vizuri sana, fundi, maana la dukani la kaboni hupata nyufa na halitengenezeki. Mpini usizidi sentimita 160 kwa urefu. Kwa mtu asiyevaa viatu vya kuteleza, gongo lililosimama lifike puani. Akivaa litamfika kidevuni. Mpini una pembe nne, sentimita 3 kwa 2, kingo zilainishwe. Ubao wa chini urefu wa sentimita 30, kimo 6 hadi 7, unene usiozidi 1. Pembe kati ya mpini na ubao ni nyuzi 135. Ukiikosea pembe hiyo, ncha au kisigino cha ubao kitaelea hewani na kijana atalaumu mikono yake.

Mbao chagua nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka toka juu hadi chini. Mbambakofi ni nzito mno, na boriti za mkoko vilevile. Palipo na fundo usitumie. Gongo huvunjika palepale siku zote, kwenye kiungo cha mpini na ubao. Kwa hiyo uchonge ubao ulimi wa sentimita 8 uingie ndani ya mpini, gundisha kwa resini, kisha zungushia faiba ileile mnayozibia boti, tabaka mbili, uache saa 24. Msasa mwepesi juu.

Ubao uwe na mkunjo mdogo, chini ya sentimita 2, na ulize kwanza: mkono gani uko chini? Hapa waliotoka magongo ya nyasi watachanganyikiwa. Gongo la nyasi lina upande mmoja bapa, na wote huweka mkono wa kulia chini. La barafu hutumika pande zote mbili na lina la kulia na la kushoto. Waliozoea nyasi wachongee la kulia, wasianze upya bila sababu. Kwa saruji wachezee mpira wa tenisi. Kisahani rasmi ni cha raba ngumu, upana sentimita 7.6, unene 2.5, gramu 156 hadi 170, na juu ya saruji hakitelezi, kinasimama kwa ukingo na kuviringika hadi baharini.

Je, yupo aliyezaliwa Afrika akafika NHL? — Mpeketoni

Wapo. Golikipa Olaf Kölzig alizaliwa Johannesburg, akatajwa wa 19 na Washington mwaka 1989, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya golikipa bora. Beki Rumun Ndur alizaliwa Zaria, Nigeria. Jarome Iginla alizaliwa Kanada, ila babake ni Mnigeria.

Na wasichana je? — Msichana wa kidato cha tatu, Malindi

Ipo ligi ya kulipwa, PWHL, iliyoanza tarehe 1 Januari 2024 kwa timu sita za Kanada na Marekani, na mwaka 2025 ikaongeza Seattle na Vancouver. Msimu wa kwanza mshahara wa chini ulikuwa dola 35,000. Njia yake ni tofauti na ya wavulana: karibu wote hupita timu za vyuo vikuu, kwa hiyo wanaingia kazini na shahada mkononi wakiwa na miaka 22 au zaidi. Alama zako za darasani ni sehemu ya usajili, binti, zishughulikie.

Nafanya mazoezi ya mguu kwa ajili ya kuteleza lakini sina barafu. Ramadhani inakuja. Nipange vipi? — Mkomani, Lamu

Mchezaji wa hoki hakai uwanjani mechi nzima. Huingia kwa zamu ya sekunde 40 hadi 50, akatoka akapumzika dakika mbili tatu, akarudi, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Kukimbia kilomita kumi hakukufundishi hilo. Kimbia kwa nguvu zako zote sekunde 45, pumzika dakika mbili, mara sita, baadaye nane. Fanya wakati maji yamekupwa, kwenye mchanga ulioshikana. Mchanga mlaini wa juu huumiza kano ya kisigino.

Kwa mwendo wenyewe wa kuteleza tengeneza ubao. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikatwe nusu kwa urefu, upate futi 8 kwa 2. Bandika fomika juu, weka vizuizi vya mbao viwili vyenye umbali wa sentimita 180 kati yake, ukivipigilia misumari kutoka chini. Paka polishi ya mbao, vaa soksi juu ya viatu vya raba, jisukume kutoka kizuizi hadi kizuizi. Goti lipite mbele ya ncha ya kidole, kifua kiinuke, mgongo usijipinde. Kosa la karibu kila anayeanza ni kusimama wima akichoka. Akishasimama wima, mguu hauna tena nafasi ya kusukuma, na anarudi kuburuta. Sekunde 30 kazi, 60 kupumzika, mara nane.

Ramadhani, kazi ngumu iwe baada ya tarawehe, ukiwa umekunywa maji kidogo kidogo tangu futari. Ukiwa na saumu fanya ya mikono tu, mpira wa tenisi na gongo, nusu saa kabla ya maghribi ili usikae na kiu kwa muda mrefu. Punguza mara za kukimbia kutoka nane hadi nne, na usijaribu kupandisha kiwango mwezi ule. Kichwa kikianza kuuma au ukiacha kutoka jasho, keti kivulini na ufungue saumu.